Kamba ya Ukurasa wa Kumi na Tisa

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumanne moja ya Agosti 1998, mashine ya kudurufu ya kituo chetu cha walimu hapa Msambweni ilikuwa imetoa nakala ya mia tatu na kumi na mbili ya ukurasa wa kumi na tisa. Saa naijua kwa sababu niliitazama. Idadi naijua kwa sababu mashine ile ina kihesabio, nami nina mazoea ya kukiangalia kila mtu anaponisemesha. Aliyenisemesha alikuwa Mwanasha, anayefagia na kupika chai pale kituoni, mwenyeji wa Gazi. Alikuwa ameokota karatasi moja iliyochafuka wino, anaisoma amesimama mlangoni, ufagio kwapani.

"Kaka Omari," aliniuliza, "ni nani huyu anayesokota kumbi bichi?"

Swali hilo nitalirudia. Kwanza niseme kwa nini ninaandika. Vijana wawili waliokichukua chumba changu tangu nilipostaafu Desemba wameniomba niwawekee kwenye karatasi mambo ya kazi, kabla kompyuta waliyoahidiwa haijafika na kuyafanya yote yaonekane ya kale. Juu ya mshahara sitaandika. Wanaujua, na hauna la kusimulia. Nitaandika juu ya mashine, watu wawili walionifundisha kuitumia, na kosa moja.

Niliingia kazini mwaka wa 1969, nimemaliza darasa la saba na sina zaidi ya hapo. Aliyenipokea alikuwa Mzee Mwakio, Mtaita, mtu wa maneno machache aliyekuwa na koti la kazi lenye wino mpaka mgongoni. Sikupata kujua ulifikaje huko. Siku ya kwanza alinipa stensili moja, ile karatasi ya nta inayopigwa maandishi ya kuchapwa, na karatasi tupu hamsini, akatoka kwenda kunywa chai. Stensili niliifunga kichwa chini tumbo juu, maandishi yakatoka yamegeuka nyuma mbele, zote hamsini. Aliporudi hakunigombeza. Aliniletea kioo cha kunyolea, akanikalisha dirishani, akaniambia nizisome zote kwa kioo, moja baada ya nyingine. Ilikuwa barua ya kuwakumbusha walimu wakuu kurudisha vitabu. Mpaka leo naweza kuisema kwa moyo.

Kutoka siku hiyo nilisoma kila nilichokichapa. Hesabu, kilimo, historia, afya, sheria za mpira wa wavu. Elimu yangu yote imepita chini ya rola ile, na mpangilio wake ni mpangilio wa oda zilivyokuja.

Mzee Mwakio alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza: hakuna stensili itakayofungwa kwenye mashine kabla ya kusomwa na watu wawili, mmoja akisoma nakala ya mkono kwa sauti, pamoja na vituo na mikato, na mwingine akifuata kwa kidole kwenye stensili. Kosa likionekana, linapakwa dawa nyekundu, inapulizwa ikauke, herufi inapigwa upya. Kanuni ya pili: chochote kinachomwambia mtoto afanye jambo kwa mikono yake, sisi tunalifanya kwanza. Kanuni hii ilitokana na kijitabu cha kutengeneza sabuni, ambamo mwandishi alikuwa ameandika kikombe cha magadi makali alipokusudia kijiko. Mzee alipika sabuni ile nyuma ya kituo kwenye sufuria yake mwenyewe. Ilituchubua vidole wote wawili. Baada ya hapo tulichemsha, tulipanda, tulipima na kukata kila tulichoagizwa kuchapa. Niliwahi kukaa wiki tatu nikimwagilia maharagwe ndani ya kopo kwa ajili ya ukurasa mmoja wa darasa la pili.

Mzee alistaafu mwaka wa 1981, akaniachia mashine, kioo na kanuni zake. Nilizifuata zote mbili. Mvua kubwa za mwaka wa tisini na saba zilipoingia na karatasi zikawa zinashikana kama chapati, nilizianika rimu kwa rimu juu ya kamba, sikuharibu hata moja. Kituo kina fomu ya hasara, ya rangi ya waridi, anayoijaza mpiga chapa anapoharibu vifaa. Nilikuwa nimebakiza miezi minne kustaafu, na fomu hiyo nilikuwa sijawahi kuijaza. Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa nataka kuondoka hivyo.

Kitabu chenye ukurasa huo wa kumi na tisa kiliandikwa na Mwalimu Wanza, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyezaliwa na kukulia kwenye mashamba ya Shimba Hills, ambako wazazi wake walihamia kutoka Ukambani. Kilikuwa hadithi ya kihistoria kwa watoto wa darasa la tano: wakati wa Vita vya Pili, mipira yote imekwenda kwenye malori ya jeshi, hakuna tairi la baisikeli pwani nzima. Rashidi, tarishi wa zahanati, anapaswa kupeleka dawa kwenye vijiji vya ufukweni. Anabuni tairi la kamba ya nazi, anapita msituni penye ndovu, anafika. Rashidi alikuwepo kweli, ameshafariki. Habari zake Mwalimu alizipata kwa jamaa zake. Shule saba zilichanga pesa za karatasi. Nakala mia nne, kurasa ishirini na nne, na ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa na kichwa "Jaribu Mwenyewe", ukimwonyesha mtoto jinsi ya kulifunga tairi la kamba. Ulianza hivi: "Chukua makumbi mabichi ya nazi, uyachane, uyasokote."

Mimi ni Mdigo, nimezaliwa Milalani. Mama yangu alikuwa na shimo lake la makumbi kwenye tope la pwani, mahali maji yanapojaa na kupwa, na nikiwa mdogo nililijua kwa harufu kabla ya kulijua kwa macho. Kumbi, lile ganda la nje la nazi, hufukiwa miezi mingi, mpaka nyama yake ioze na kubaki nyuzi tupu; ndipo hupondwa kwa rungu, huanikwa na kusokotwa. Mtoto yeyote wa upande wetu anajua. Nami niliyasoma maneno hayo kwa sauti yangu mwenyewe, Mwalimu akifuata kwa kidole, nikatamka "makumbi mabichi ya nazi, mkato", tukaendelea. Ukisoma kwa kutafuta herufi unaona herufi. Kanuni ya pili sikuikumbuka, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeshakiweka kitabu kwenye kabati la hadithi, na hadithi hatukuwa tunazipika.

Sasa nirudi kwa Mwanasha. Yeye alijifunza kusoma ukubwani, kwenye ngumbaru, na anasoma neno moja moja kama mtu anayechambua mchele.

"Ni Rashidi," nilimjibu. "Hadithi ya wakati wa vita."

"Rashidi wa zahanati? Yule wa baisikeli?"

"Huyo huyo."

Alicheka mpaka ufagio ukamwanguka. "Basi Bibi Mejumaa asiuone ukurasa huu. Kamba ya Rashidi ni yeye aliyeisokota, Gazi nzima inajua. Hivi mnamwambia amesokota kumbi bichi?"

"Hatujamtaja mtu."

"Hamkuhitaji kumtaja."

Nilizimaliza nakala themanini na nane zilizobaki huku nikimjibu. Hilo silifichi. Wino ulikuwa tayari kwenye rola, na mkono ulikuwa umeshazoea mwendo.

Lakini saa sita mchana nilikwenda kwa muuza madafu, nikachukua makumbi ya nazi sita, nikakaa nyuma ya kituo kuyachana. Nyuzi hazikutoka, yalitoka mapande. Nilisokota nilichoweza. Nililivua tairi la nyuma la baisikeli yangu pamoja na mpira wake wa ndani, nikaizungushia ringi kamba ile kama ukurasa ulivyoagiza, nikapanda. Fundi baisikeli wa pale njia panda aliniona nikipita.

"Bwana Omari," aliniita, "umeshastaafu tayari?"

Nilikuwa nahesabu mizunguko ya gurudumu. Kwenye mzunguko wa mia tatu na arobaini, yaani mita kama mia saba, kamba ilikatika, ikajifunga kwenye mnyororo, nikaenda chini pamoja na baisikeli. Ringi ilipinda. Baisikeli niliirudisha nimeibeba begani, nikapita tena mbele ya fundi yule yule.

Mwalimu Wanza alikuja Jumatano kuchukua vitabu. Nilimwonyesha ringi na kiwiko changu.

"Mzee Omari," alisema, "pole sana. Lakini hii ni stori tu. Watoto watasoma, hawatasokota."

"Watasokota, Mwalimu. Ukurasa wa kumi na tisa unawaambia wasokote. Na watoto wa Gazi na Bodo watawaonyesha mama zao."

Mwalimu alihesabu siku kwa vidole. Alikuwa amewaahidi walimu wakuu saba vitabu siku ya kufungua shule, na zilibaki wiki mbili na nusu. "Mimi nimekulia juu kule," alisema mwishowe. "Nazi naiona ikiwa imeshafuliwa. Nilidhani kumbi ni kama katani, unakata unasokota." Kisha akauliza, "Na huyo bibi yuko hai?"

"Yuko," alidakia Mwanasha, birika mkononi. "Nyumba ya nne kutoka msikitini. Nimeshamwambia mnakuja kesho."

Bibi Mejumaa tulimkuta barazani, mwanamke mwembamba wa miaka sabini na kidogo, mikono yake mikubwa kuliko mwili wake ulivyoonyesha. Tulimwamkia.

"Marahaba. Karibuni, kaeni kitako. Ninyi ndio wa kumbi bichi?"

Nilisema ndio sisi. Nilisema pia kwamba nimelijaribu tairi lenyewe, nikamweleza habari za mita mia saba.

"Zimekuwa nyingi," alisema. "Una bahati."

Mwalimu alifungua daftari, akamwomba aeleze ilivyokuwa. Bibi hakuanza na tairi. Alianza na mtoto wa dada yake aliyeolewa Bodo. Ilikuwa msimu wa mvua, homa imeingia kila nyumba. Rashidi alikuwa amejaza tairi lake majani makavu ya mgomba, likapasuka, akawa anatembea. "Dawa ya yule mtoto ilitolewa Msambweni asubuhi ya Ijumaa," alisema. "Tulimzika Jumamosi. Dawa ilikuwa bado njiani, inakwenda kwa miguu."

Alikuwa na miaka kumi na sita. Mama yake alikuwa na makumbi yaliyokaa topeni miezi minane, na kamba yake ilikuwa imeshaahidiwa kwa mwenye chombo kimoja cha baharini cha Mkwiro. Mejumaa aliyafukua mchana, mama yake akiwa shambani, akayaponda, akaanza kusokota. Kuzungushia ringi kwa nje tu alijua hakutashika. Kwa hiyo ncha ya kamba aliipitisha kwenye lile tundu dogo la vali, akaifunga fundo kwa ndani, akavuta kamba kavu kuzunguka mara mbili, kisha akaipitia juu kwa kamba nyembamba akiifunga mshazari, kama mtu anayewamba kitanda cha kamba. Mwisho aliimwagia maji ya chumvi. "Kamba ikinywa maji inajikaza. Rashidi nilimwambia, kila ukifika penye maji, loweka."

"Mama yako alisemaje?" Mwalimu aliuliza.

"Alinipiga. Alipomaliza kunipiga alikaa akanisaidia, maana nilikuwa nasokota nyembamba."

"Kwa nini watu wanamtaja Rashidi peke yake?"

"Yeye walimwona akipita barabarani. Mimi walinizoea." Alitufanyia ishara ya mkono. "Lakini msimpunguze. Kupanda baisikeli isiyo na upepo kutoka Msambweni mpaka Bodo, na ndovu walikuwepo kweli. Makalio ya Rashidi anayajua Mungu peke yake."

Mwalimu alimwambia kwamba hadithi itabadilishwa na jina lake litaandikwa.

"Msiliandike."

"Kwa nini, bibi?"

"Mkiliandika pamoja na kumbi bichi, nitachekwa na watu waliokuwa hawajazaliwa. Rekebisheni kamba kwanza. Habari ya jina baadaye."

Binti yake alikuwa na kamba nzuri ndani. Bibi aliifunga mwenyewe kwenye ringi mpya niliyoinunua kwa yule fundi, magoti yake yakiwa yameishika kama mtu anayemshika mbuzi. Aliivuta mpaka nikaona mishipa ya shingo. Akamwagia maji. Niliondoka Gazi saa tisa alasiri. Mizunguko niliacha kuihesabu ilipopita elfu mbili. Nilifika Msambweni, nikapita njia panda polepole ili fundi apate nafasi ya kutazama vizuri. Aliyosema bibi juu ya makalio ya Rashidi sasa nayashuhudia. Ijumaa yote nilifanya kazi nimesimama.

Ijumaa hiyo hiyo mkuu wa kituo aliniita. Alikuwa mtu wa busara na alitaka kunisaidia. Alipendekeza tuchape kijikaratasi cha masahihisho, tukiweke ndani ya kila kitabu. Kingegharimu karatasi hamsini. Hasara isingekuwepo.

Nakiri kwamba nilikaa na wazo hilo mpaka saa nane. Lilikuwa linaniacha niondoke kama nilivyotaka. Lakini vijikaratasi vya masahihisho nimevichapa miaka mingi, najua vinakokwenda. Huanguka siku ya kwanza. Kinachobaki ni kitabu, na kwenye kitabu hiki mwanamke wa Gazi angebaki amesokota kumbi bichi, na mimi, mtoto wa Milalani, ningebaki nimelichapa kosa hilo.

"Nitachapa upya karatasi tatu," nilimwambia. "Na nitalipa mimi."

"Basi itabidi ujaze fomu, Omari."

"Nitajaza."

Nieleze kwa wanaoijua kazi: karatasi moja iliyokunjwa katikati hubeba kurasa nne, kwa hiyo makosa ya kamba na ya nani aliyeibuni yalikuwa yamekaa kwenye karatasi tatu kati ya sita. Mwalimu aliandika upya kwa siku mbili, nami nilipiga stensili mpya sita. Safari hii hatukuzisoma watu wawili. Tulizibeba mpaka Gazi ndani ya jarida la zamani zisipate mikunjo, mimi nikasoma, Mwalimu akafuata kwa kidole, na Bibi Mejumaa akasikiliza. Wenzangu, hili ndilo ninalowaachia: anayesoma anaona herufi, anayefuata anaona herufi, awepo wa tatu asiye na karatasi mkononi.

Alinisimamisha mara mbili. Ya kwanza niliposoma kwamba makumbi yalikaa topeni "muda mrefu".

"Muda mrefu kwa nani? Taja miezi minane."

Nilipaka dawa nyekundu, nikapuliza. Ya pili niliposoma kwamba Mejumaa alimwomba mama yake makumbi.

"Sikumwomba. Niliiba. Andika aliiba."

Mwalimu Wanza alikunja uso. "Bibi, hiki ni kitabu cha watoto. Walimu wakuu watasema tunafundisha wizi."

"Basi andika pia alipigwa."

Liliandikwa hivyo, yote mawili, na hakuna mwalimu mkuu aliyelalamika. Niliendelea kusoma. Pale palipokuwa na mwenye kamba tulikuwa tumeandika "msichana mmoja wa Gazi", kwa sababu alikuwa ametukataza. Nilisoma fundo la ndani ya tundu la vali. Nilisoma maji ya chumvi. Nilisoma ukurasa wa kumi na tisa, ambao sasa ulianza: "Fukia makumbi kwenye tope la pwani. Subiri miezi minane." Mwalimu alikuwa na wasiwasi kwamba hakuna mtoto atakayesubiri miezi minane kwa ajili ya ukurasa mmoja. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti, halafu akaniomba nirudie pale pa fundo. Nikarudia.

"Hiyo ndiyo kamba yangu," alisema. "Sasa andika jina."

Tuliliandika mara nne, Mejumaa, mahali palipokuwa na "msichana mmoja wa Gazi", na la Rashidi likabaki kwenye baisikeli palipokuwa pake. Vitabu vilifika shule zote saba siku ya kufungua. Nakala moja Mwanasha alimpelekea bibi, akamsomea kwa neno moja moja. Mwaka huu mwezi wa sita nilisikia kwamba shule moja ya Bodo imefukua makumbi yake, kwa hiyo kuhusu watoto na miezi minane Mwalimu alikosea, na amefurahi kukosea.

Fomu ya rangi ya waridi niliijaza siku ile ile nilipomaliza kuchapa, na Desemba nilipokuwa nakabidhi chumba niliiweka juu kabisa ya faili, mahali mtakapoiona kwanza. Ringi iliyopinda sikuiandika. Hiyo ilikuwa elimu yangu mwenyewe. Karatasi elfu moja mia mbili na arobaini, shilingi 595 na senti 20. Stensili sita, shilingi 180. Wino, shilingi 240. Mbele ya "Sababu ya hasara" niliandika: kumbi bichi. Mbele ya "Jumla" niliandika shilingi elfu moja na kumi na tano, senti ishirini.